Jani la Isale Juu ya Chekereni

Koti lilikuwa jekundu, zito, la kuzuia upepo, na lilikuwa limefukiwa chini ya rundo la mitumba katika soko la Memorial, mjini Moshi. Basili aliuvuta mkono wa kulia. Upande wa pili wa rundo kuna mtu akauvuta mkono wa kushoto.

"Dada, samahani, hili nimeliona mimi."

"Umeliona wewe, nimelishika mimi," akajibu msichana mrefu aliyevaa jinzi na raba nyeupe, nywele kazisuka twende kilioni. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyezoea kushindwa, na Basili akajikuta ameupenda kabla hajaamua kukasirika.

"Mimi naongoza watalii mlimani. Kule juu kuna baridi usiyoijua."

"Juu?" Msichana akacheka. "Kaka, huko juu ndiko ofisini kwangu. Narusha jairokopta."

"Ndio dude gani hilo?"

"Pale uwanja wa ndege wanaiita pikipiki ya angani. Viti viwili, mmoja mbele mmoja nyuma, pangaboi juu ya kichwa, panga jingine nyuma la kusukuma. Mlango haina, dirisha haina. Ukipanda alfajiri bila koti, unashuka meno yanagongana."

"Hata hivyo kileleni hufiki. Mimi nafika. Kwa hiyo nakwenda juu kuliko wewe."

"Kwa miguu, Mangi! Kwa miguu!" msichana akamtania kwa cheo cha machifu wa Kichaga.

Muuza mitumba alikuwa amechoka nao. "Aisee, nunueni wote wawili, mfungie ndoa humo humo ndani ya koti!"

Wakacheka, wakalinunua kwa ushirika. Basili akiwa mlimani, koti ni lake. Akishuka kwao Marangu, koti linahamia kwa Yuditha, kwani hilo ndilo jina la msichana, Mmachame wa kuzaliwa. Kila siku ya kukabidhiana koti wakawa wanakula mtori wa ndizi pamoja mjini, na mtori ukawa unachukua saa nyingi kuliko ilivyo desturi ya mtori.

"Koti langu halijambo?" Basili alikuwa akipiga simu kutoka Marangu, akishashuka mlimani.

"Halijambo, mpenzi, ila linanukia moshi wa jiko lenu."

"Mimi likirudi kwangu linanukia wewe. Silali."

Mapenzi yalikuwa yamekolea. Lakini kila Yuditha alipomwalika waruke angani pamoja, Basili alikuwa na udhuru. Leo magoti, kesho mawingu, keshokutwa kikao cha ukoo. Ukweli ni kwamba mwanaume huyu aliyepita kando ya magenge akipiga mluzi alikuwa anaogopa kama mtoto kitu chochote kinachoachana na ardhi. Mlimani miguu yake ilikuwa chini, na hiyo ndiyo siri ya ushujaa wake wote. Angemwambia nani? Kiongozi wa mlima mwoga!

Asubuhi moja Yuditha akaamua kwamba kama Basili haji kwake, yeye atakwenda kwao. Akashuka chini chini juu ya migomba ya Marangu, akazunguka kihamba, shamba la ukoo la kina Basili, akipunga mkono kwa furaha. Wakati huo mama yake Basili alikuwa bandani anakamua. Ng'ombe alisikia ngurumo ile, akarusha teke, ndoo ikaenda huku, maziwa kule, naye akapita na mlango wa banda hadi kwenye magimbi ya jirani.

Basili akapiga simu hasira zikiwa bado zinachemka. "Yudi, umetutia aibu! Banda limevunjika, maziwa yamemwagika. Hii kazi yako ya kurukaruka kama panzi ina maana gani?"

Upande wa pili Yuditha akasema polepole, "Basi leo umesema. Kumbe siku zote unaona haya kuwa na mwanamke anayerusha ndege. Na mimi nilikuwa nakupa pole ya magoti!"

Simu ikakatika. Jioni bodaboda akaleta koti, limekunjwa vizuri kama la marehemu. Basili alipiga tena na tena, haikupokelewa. Aliumia. Akaumia zaidi pale Krunal, mwenye ile jairokopta, alipomwambia kwamba Yuditha amepata kazi Iringa na wiki ijayo anaondoka.

"Ulimwambia nini mtoto wa watu?" mama akamuuliza.

Basili akamweleza yote, hata woga wake. Mama akaweka mikono kiunoni.

"Ng'ombe wangu, maziwa yangu. Wewe nani alikutuma unigombee?" Akaenda kwenye ua wa kihamba, akakata jani refu la isale, akamtia mkononi. "Mpelekee. Mmachame yule anajua. Akiletewa isale, hakatai kusamehe. Ila mdomo wako ndio uombe, jani haliongei."

Kwa kuwa Yuditha hakupokea simu, kumpata ilibidi kupanda naye; Krunal akamwandikisha Basili kama abiria wa kawaida. Basili akavaa ovaroli juu ya koti jekundu, isale mfukoni, na helmeti ya kioo cheusi. Yuditha hakumtambua. Alimfunga mkanda, akampa onyo analompa kila mgeni: "Usishike kitu mkononi. Kikikuponyoka, kinaingia kwenye panga la nyuma, na sisi tunashuka kwa namna nyingine."

Basili akaitikia kwa kichwa. Alipanga kusema yake wakishatua.

Ardhi ikaondoka. Mashamba ya mpunga ya Chekereni yakatandazwa chini yao yakimetameta maji, yangeyange wakiruka. Kisha likaanza pori, na pundamilia wakawa wanakimbia pamoja na kivuli cha jairokopta. Basili hakuona pundamilia. Alikuwa amefumba macho, na kwa hofu akafungua zipu, akalishika lile jani kama anayeshika mti.

"Mgeni, u mzima huko nyuma?" sauti ya Yuditha ikamwingia masikioni kupitia helmeti.

"Naogopa," Basili akasema.

Jairokopta ikayumba kidogo. "Basili?"

"Naogopa, Yudi. Siku zote nilikuwa naogopa. Magoti ni mazima. Sikukuonea haya hata siku moja, nilijionea haya mimi mwenyewe. Nikakutukana kwa sababu ya woga wangu. Nisamehe."

Yuditha akatazama kioo chake kidogo, akaona ukosi wa koti jekundu na kitu cha kijani kinapepea begani kwake. "Mungu wangu, umeshika nini? Isale? Basili, usiliachie! Litaingia kwenye panga!"

"Basi lipokee."

"Nikipokea nimekusamehe!"

"Ndio."

"Unanitega, Mangi!"

"Wallahi nimesahau tu onyo lako, lakini sasa lipokee, vidole vimeganda!"

Yuditha akanyoosha mkono nyuma, akalishika jani pamoja na vidole vya Basili vilivyoganda, akavibana kidogo kabla ya kulichukua na kulikalia. Alikuwa analia na kucheka, na vyote viwili vilisikika vizuri sana kwenye helmeti.

"Nimepokea. Na mama je?"

"Ndiye aliyelikata. Anasema ukija tena, upite juu zaidi, au uje kwa miguu na posa tuizungumze."

"Posa ya nani?"

"Yako. Nataka kukuoa, Yudi. Na Iringa?"

"Iringa kuna baridi," Yuditha akasema, akigeuza pua ya jairokopta kuelekea mlimani. "Nitakwendaje wakati koti langu umelivaa wewe?"

Walipotua, Basili alishuka, akapiga hatua moja, akakaa chini kwenye nyasi.

"Nini tena?" Yuditha akamkimbilia.

"Magoti," akasema Basili.

Yuditha akacheka hadi akakaa naye, isale mkononi.