Mwangwi Unaotangulia

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi bomba, na mpaka leo akiyasimulia hanitazami usoni.

Katika kundi lao la mtandaoni, wanakobishania sayansi na vitabu, mlinzi mmoja mstaafu aliandika kwamba kwenye tangi la maji lililo chini ya jengo alilokuwa akililinda, mwangwi haumfuati mtu, humtangulia. Fundi akamrukia: "Mzee, rudi darasa la tatu!" Kundi zima likacheka. Mzee akajibu, "Asante, mwanangu," kisha akajitoa.

Asante ile ilimkaa fundi kooni kama mwiba wa samaki.

Wiki iliyofuata aliitwa kusafisha tangi lilelile. Akashuka ngazi asubuhi kweupe, lakini mle ndani giza lilikuwa totoro, na tochi ilimulika hatua mbili tu. Simu ilikuwa ikirekodi mfukoni, ili awapelekee wenzake ushahidi. Akapiga makofi. Kimya. Akaita, "Hooo!" Sauti haikurudi; kweli mwangwi haukumfuata, kama mzee alivyosema. Alisikia matone tu: to, to, to.

Hapo aibu ikampanda mwili mzima. Kumbe alimdhalilisha mtu mzima kwa jambo asilolijua. Akaazimia kumwomba radhi palepale, kwenye rekodi ileile. Kabla hajafumbua mdomo, sauti ikatoka kona ya mbali:

"Nisamehe, mzee wangu."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Kule gizani sauti ikavuta kamasi, ikaanza kulia kwa kwikwi, naye alikuwa bado hajatoa hata chozi.