Nyekundu, Tosha

Alhamisi, tarehe 17 Septemba 1998, saa tisa na dakika arobaini alasiri, mashine ya kufulia namba mbili ilikuwa na vitambaa vya meza ishirini na vinne, vyote vyeupe, na kimoja chekundu juu yake. Mlango wa mashine ulikuwa wazi. Mbele yake alisimama Kulthumu Pandu, msichana wa miaka kumi na miwili, bado na sare ya shule, mkononi ameshika kitambaa cha pili chekundu alichokiokota kapuni.

Mashine hiyo ilikuwa katika chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo la familia huko Queensburgh, nje kidogo ya Durban. Wapangaji wote wa jengo hilo walikuwa maofisa wa majeshi ya nchi mbalimbali za Afrika, pamoja na wake na watoto wao. Baba yake Kulthumu, Meja Pandu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, alitumwa huko kusoma kozi ya unadhimu, ambayo huwafundisha maofisa kupanga mapigano kwenye karatasi kabla ya kuyaingia. Kozi ilianza Januari na ingekwisha Novemba.

Kila siku akitoka shule Kulthumu alipitia chumba cha kufulia kabla ya kupanda kwao. Hakufuata mashine. Alifuata Kiswahili. Shuleni alizungumza Kiingereza kutwa nzima, na wenzake wakacheka alivyotamka. Chumba cha kufulia kilikuwa mikononi mwa Mama Grâce, mfuaji wa jengo, jina lake Agathe, mwanamke wa Kikongo kutoka Bukavu aliyeishi mjini, Albert Park. Kiswahili chake kilipinda huku na huko, lakini kilikuwa Kiswahili. Kulthumu alimwamkia "Shikamoo", naye akaitikia "Jambo, mama", na wote wawili walikwisha kuzoea kwamba majibu hayo hayalingani.

Siku hiyo Agathe alikuwa na haraka. Vitambaa vilitakiwa Ijumaa jioni, kwenye karamu ya mataifa yote, na bintiye mwenye miaka minne alikuwa akimsubiri kwa jirani. Teksi ya kwenda mjini ilipiga honi barabarani. Agathe alivaa koti, akafika mlangoni, akageuka, akaiona ile rangi.

"Eh, Kulthumu! Ile nyekundu, tosha! Halafu uwashe mashine."

Kulthumu alitazama kitambaa kilichomo ndani, akatazama alichokishika.

"Nyekundu tosha, Mama Grâce?"

"Tosha, tosha! Mie naenda!"

Basi Kulthumu akaelewa kwamba chekundu kimoja kinatosha. Alikirudisha cha pili kapuni. Ilimpitia akilini kwamba kwao Monduli nguo nyekundu haikuchanganywa na nyeupe hata siku moja, lakini huko walifua kwa mkono, na hapa palikuwa na mashine, na mwenye mashine amesema tosha. Alifunga mlango, akabonyeza kitufe.

Saa kumi na moja na robo vitambaa vyote ishirini na vinne vilikuwa pinki.

Aliyevigundua alikuwa Kapteni Belinda, ofisa wa Afrika Kusini aliyesimamia jengo. Alisimama kwenye ngazi, kitambaa kimoja kikining'inia mkononi mwake, akauliza kwa Kiingereza ni nani aliyefanya kazi ile. Watoto waliokuwa uani waliacha kucheza.

"Niliyewasha mashine ni mimi," alisema Kulthumu.

Lulu, binti wa meja wa Kenya, alimvuta mkono. "Wewe nawe! Ungenyamaza tu. Nani angejua?"

"Mimi ningejua."

"Haya, jua peke yako. Usiniite shahidi."

Kapteni Belinda hakumgombeza. Alisema hayo ni mambo ya watu wazima.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, Agathe aliitwa ofisini. Kiingereza chake kilikuwa cha sokoni na cha kwenye teksi, kwa hiyo Kapteni Belinda alimwomba Meja Pandu awe mkalimani. Kulthumu aliruhusiwa kusimama pembeni, kwa kuwa alihusika.

"Muulize alimwambia nini mtoto kuhusu kile chekundu."

Meja Pandu aliuliza. Agathe akajibu bila kusita, "Nilimwambia atoshe. Mara tatu nilimwambia: tosha!"

Meja Pandu alimgeukia Kapteni. "Anasema alimwambia inatosha. Alilirudia mara tatu."

"Kwa hiyo alikiona?"

"Mama Grâce, ulikiona kitambaa chekundu mle ndani?"

"Nilikiona, ndiyo! Si ndiyo sababu nilisema?"

"Anakubali alikiona."

Kapteni Belinda aliandika. Mfanyakazi alikiona kitambaa chekundu, akamwambia mtoto kwamba inatosha, akamruhusu awashe mashine ambayo watoto wamekatazwa kuigusa. Agathe aliwekewa kalamu mkononi. Alitia saini akidhani anathibitisha alichosema. Alipoambiwa kwamba kazi yake hapo imekwisha, alitazama nyuso zote tatu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyehesabu chenji na kukuta haikutimia.

"Lakini nilisema!" alisema. "Mie nilisema!"

Jioni karamu ilifanyika. Vitambaa vilitandikwa vivyo hivyo, maana havikuwapo vingine. Mke wa mkuu wa chuo alivisifu, akauliza ni nani aliyechagua rangi. Kapteni Belinda alitabasamu. Hakubadilisha uamuzi wake.

Kulthumu hakula. Mama yake, Sikujua, alimwona akiuchezea wali kwa uma.

"Mama, Mama Grâce hakuonekana kama mtu aliyekosa."

"Umesema la kwako, wamesema la kwao, karatasi imetiwa saini. Tumekuja na bendera ya nchi hapa, hatukuja kubishana na wenye nyumba. Kula."

"Sibishani. Nasema hakuonekana hivyo."

"Kulthumu!"

Akausukuma wali kando ya sahani, hakula.

Jumamosi, saa nne asubuhi, Agathe alirudi kuchukua aproni na kandambili zake, amemshika mkono bintiye Grâce, aliyevaa kofia ya sufu ya bluu. Kulthumu alikuwa akimsubiri chumba cha kufulia. Sakafu ilikuwa imepigwa deki sasa hivi.

"Shikamoo, Mama Grâce."

Safari hii haikuja hata "Jambo". "Juu ya nini haukutosha? Mie nilikuambia!"

"Uliniambia inatosha!"

"Nilisema tosha!"

"Ndiyo, tosha! Nikaacha kimoja!"

"Eish, mutoto huyu! Uliacha, haukutosha!"

Walikuwa wakipigiana kelele ana kwa ana, na kila mmoja alikuwa akisema kweli. Grâce alichoka na ugomvi wa wakubwa, akaanza kuingia ndani. Mama yake alimwona kwa jicho la pembeni.

"Grâce! Tosha viatu, chini iko maji."

Mtoto aliketi kizingitini, akavua kiatu cha kushoto, akavua cha kulia, akaviweka pamoja.

Kulthumu alivitazama vile viatu. Kisha akamtazama Agathe.

"Mama Grâce, kutosha ni kuvua?"

"Ni kuvua, ni kuondosha, ni kila kitu kinakaa mahali unakitosha. Kwenu ni nini?"

Kulthumu aligeukia ngazi. "Usiondoke," alisema. "Tafadhali, usiondoke hapo." Akapanda ngazi mbilimbili.

Meja Pandu alikuwa mezani, mbele yake ramani na penseli za rangi. Jumatatu kundi lake lingetoa mpango wa zoezi, na ilikuwa zamu yake kuusoma.

"Baba, ulitafsiri vibaya."

Penseli ilisimama. Sikujua alitokeza kichwa jikoni. "Unaongea na nani hivyo?"

"Naongea na Baba. Mama Grâce hakusema inatosha. Alisema nikitoe."

"Alisema tosha," alisema Meja Pandu. "Nilisikia kwa masikio yangu."

"Kwao kutosha ni kutoa."

"Kiswahili utanifundisha wewe?"

"Chetu sitakufundisha. Chao hukijui, hata mimi nilikuwa sikijui."

"Kulthumu, rudi chumbani," alisema mama yake.

"Siendi."

Hakuna aliyewahi kusikia neno hilo nyumbani kwa Meja Pandu. Alisogeza kiti nyuma, akamtazama bintiye kama anavyotazamwa askari aliyekosea gwaride.

"Unajua unachoomba? Karatasi ile ina jina langu kama mkalimani. Kuifungua ni kuandika kwamba ofisa wa Tanzania alikosea lugha yake mwenyewe. Nakala itakaa kwenye jalada langu la kozi."

"Basi iandikwe, Baba. Mama Grâce amefukuzwa kwa neno ambalo hakulisema. Kama huendi wewe nitakwenda mimi, na Kiingereza changu hikihiki wanachokicheka."

"Una ushahidi gani?"

"Uko chini. Una miaka minne na umevua viatu."

Meja Pandu hakucheka. Lakini aliweka penseli, akashuka.

Alimkuta Agathe amekaa juu ya kapu lililopinduliwa. Hakumuuliza chochote kwanza, wala hakumruhusu Kulthumu aseme. Alichuchumaa mbele ya mtoto.

"Grâce, tosha kofia."

Mtoto aliivua, akampa.

"Tosha," alirudia Meja Pandu.

Grâce alijichunguza kutafuta kilichobaki, akaanza kupambana na vifungo vya sweta.

"Acha, mwanangu, acha." Alimrudishia kofia. "Mama Grâce, chakula kikiwa kingi, watu wote wakashiba, mnasemaje?"

"Tunasema inaenea."

"Na mtu akisema inatosha?"

"Inatosha nini? Nani anatosha? Hapo atataka kuondosha kitu."

Meja Pandu alisimama. Alimkumbuka mwanamke huyo jana ofisini, kalamu mkononi.

"Nisamehe, Mama Grâce," alisema. "Nilikusikia vizuri, nikakuelewa vibaya, wala sikukuuliza."

Kapteni Belinda alikuwa ofisini akifunga hesabu ya karamu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema suala hilo limekwisha.

"Limekwisha juu ya tafsiri yangu," alisema Meja Pandu. "Tafsiri yangu ni mbaya. Naomba karatasi."

Aliandika palepale, kwa Kiingereza, sentensi tatu. Kwamba neno lililotumika lina maana mbili katika sehemu mbili za Afrika. Kwamba mfanyakazi aliagiza kitambaa chekundu kiondolewe. Kwamba kosa la tafsiri ni la mkalimani. Akaweka cheo, jina na saini. Kapteni Belinda aliisoma mara mbili, kisha akamgeukia Kulthumu.

"Na wewe? Tangazo la kukataza watoto kugusa mashine liko mlangoni. Ulilisoma?"

"Nililisoma."

"Unaomba radhi?"

"Kwa kuwasha mashine naomba radhi. Kwa kile chekundu siombi, kwa sababu nilifanya nilichokielewa, na niliuliza."

Meja Pandu alikohoa. Kapteni Belinda aliinua nyusi, akaandika kwa muda mrefu kidogo. Agathe atarudi kazini, na atapewa onyo moja la maandishi kwa kumwachia mtoto mashine. Kulthumu atakunja nguo chumba cha kufulia, saa moja kila siku baada ya shule, kwa wiki mbili, na hatagusa kitufe chochote.

"Sawa?" aliuliza.

"Ni haki," alisema Kulthumu.

Nje, Agathe alipoelezwa, alimshika Kulthumu mabega mawili akamtikisa. "Kichwa ngumu wewe! Wiki mbili nitakufundisha Kiswahili."

"Na mimi nitakufundisha, Mama Grâce."

"Iko moja tu ya kweli, na ni yetu!"

Wakipanda ngazi, Meja Pandu alisimama mahali zinapokata kona.

"Leo ulinikatalia mbele ya mama yako," alisema. "Sikupenda namna ulivyosema. Lakini ungenitii, mtu asiye na kosa angekosa kazi, na mimi ningelala nikijiona mkweli. Sikumdanganya Kapteni hata neno moja, Kulthumu, na bado nilimpelekea uongo. Ili useme kweli, kueleza ulichosikia hakutoshi. Lazima uhakikishe kwamba ulichosikia ndicho kilichosemwa. Na ukiisha kuhakikisha, usinyamaze kwa sababu anayekosea ni mkubwa wako. Hata akiwa mimi."

"Ndiyo, Baba."

"Ila sauti uipunguze."

"Nitaipunguza ukinisikia mara ya kwanza."

Alimtazama, akaendelea kupanda.

Jumatatu, tarehe 21 Septemba, saa moja na nusu asubuhi, Agathe aliandika jina lake kwenye daftari la mahudhurio, akapokea ufunguo wa chumba cha kufulia kutoka kwa Kapteni Belinda, akafungua mlango, akaingia kazini.