Njia ya Tatu

Mimi si mwoga. Nimeokota mifupa ya mume wangu kwa vijiti baada ya maiti kuchomwa, kama ilivyo desturi yetu, bila mkono kutetemeka, na tangu hapo naishi peke yangu ghorofa ya juu hapa Sapporo, kaskazini mwa Japani, ngazi zikinimaliza magoti. Kwa hiyo nikisema nilitetemeka, niamini.

Haya yalimkuta jirani yangu, Bwana Kuwano. Kati yetu ulikuwapo ukuta mmoja tu, mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya nilijua mafua yake yamefikia wapi. Hakuwa na mke wala mtoto. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilimsikia akijikagua kwa sauti kama wafanyavyo watu wa reli. Ananyoosha kidole kwenye jiko: "Gesi imezimwa, sawa!" Dirisha limefungwa, sawa! Kisha ufunguo. Nilimzoea hata nikawa narekebisha saa yangu kwa sauti hiyo.

Kazi yake ilikuwa kutunza mitambo mikubwa ya kompyuta, aina ya Yuniksi, yenye kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali. Mimi kompyuta sizijui, lakini alinieleza siku moja mezani kwangu huku akimenya chenza. Mtambo uko huku, diski zenye kumbukumbu ziko kule. Katikati hupita waya, na waya huharibika. Ndiyo maana kila mtambo hupewa njia mbili za kufikia diski zile zile. Moja ikifa, nyingine hubeba mzigo, na daktari kule wodini wala hajui kama kuna kitu kimetokea.

"Na zikifa zote mbili?" nikamwuliza.

"Basi muuguzi hajui nani apewe dawa gani, Dada Tazuko. Hapo mtu anakufa."

Kwa hiyo njia hizo hazikuguswa na mtu mmoja. Walikuwa wawili, yeye na mwenzake Iwase. Kuwano alinyoosha kidole na kutamka: njia ya kwanza, funga! Iwase alitazama, akahakikisha, akaitikia: sawa! Ndipo mkono wa Kuwano ukagusa. Miaka yote ile haukuwahi kusogea kabla ya kusikia sawa ya Iwase.

Iwase alikuwa na maneno huyo. Alikuja kwetu mara moja, akakaa anakohoa na kucheka. "Dada, huyu akioa leo, kesho asubuhi atamnyooshea mkewe kidole: mke yupo, sawa!" Majani yalipoanza kuanguka, moyo ukamsimama akiwa ndani ya treni. Kampuni haikuajiri mwingine. Kuwano akaendelea kutamka peke yake kwenye chumba kile kisicho na dirisha.

"Nikishatamka nanyamaza kidogo," aliniambia. "Nampa nafasi yake."

Nilijifanya naenda kuongeza chai, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Siku ya pili ya mwaka mpya ofisi zote zilikuwa zimefungwa, na hiyo ndiyo siku aliyopangiwa kubadilisha kadi iliyochakaa, kile kibao cha ndani ya mtambo kinachoshika waya, kwenye njia ya kwanza. Nilimpelekea supu ya mochi, vitonge vya mchele vya mwaka mpya. Akainywa amesimama mlangoni, akanishukuru, akaondoka mchana kweupe kwenye theluji. Watu wote walikuwa nyumbani na watu wao. Yaliyofuata alinisimulia jioni ile ile.

Alinyoosha kidole. "Njia ya kwanza, funga!" Akanyamaza, kama kawaida yake.

"Sawa."

Sauti ilitoka nyuma ya safu ya mitambo. Ya chini, na mwishoni kikohozi kidogo.

Mkono wake ukafunga njia. Akazunguka safu yote. Hapakuwa na mtu. Aliniambia hakuogopa, alifurahi, na hilo ndilo lililonitia baridi. Akatoa kadi ya zamani. Kadi mpya ilikuwa bado mkononi na njia ya kwanza bado imefungwa, sauti iliponong'ona tena. Safari hii ilikuwa karibu na sikio.

"Ya pili. Chomoa. Sawa."

Mkono ulikwenda. Akili ilisema hapana, lakini mkono ulikwenda. Ukachomoa waya.

Alisubiri king'ora. Alisubiri simu kutoka hospitali. Feni zilivuma vile vile. Akainua macho kwenye skrini. Njia ya kwanza, imekufa. Njia ya pili, imekufa. Chini yake ulikuwapo mstari ambao hakuukuta alipoingia. Njia ya tatu, hai.

Mtambo ule ulikuwa na nafasi za kadi mbili tu.

Alirudisha waya, akaweka kadi mpya, kisha akakaa sakafuni. Njia zake mbili zilifufuka na hakuna mgonjwa aliyedhurika. Mstari wa tatu haukuondoka.

Tangu hapo akawa anakwenda kazini hata Jumapili. Na asubuhi, kupitia ukutani, nikasikia: "Gesi imezimwa, sawa!" Kimya. Kisha, kwa chini: "Sawa." Nilidhani ni redio. Nilitaka sana iwe redio.

Baridi ilipoanza kulegea, wakubwa wake waliuona ule mstari wakamwagiza aufute. Alikuja kwangu, chenza hakugusa.

"Si amri moja tu?" nikamwuliza.

"Moja tu."

"Basi futa upumzike! Yule alitaka uue watu."

"Nikimfuta atakaa wapi, Dada?" akanong'ona. "Na mimi nitamtamkia nani?"

"Tamka ukiwa humo ndani kwako, mimi nitaitikia. Ukuta wenyewe karatasi."

Alicheka, akainamisha kichwa kwa heshima. "Asante sana. Lakini wewe hujui kukohoa kama yeye."

Kesho yake walimkuta ameketi mbele ya mtambo, mwili umeshapoa. Kidole kilikuwa kimenyooka kuelekea kwenye skrini.

Aliyechukua nafasi yake ni binti mmoja, Fumika. Wiki chache baadaye alipanda ngazi kunirudishia chupa ya chai niliyomwazima marehemu. Nilizima jiko, nikammiminia kikombe, tukaketi.

"Aliifuta ile njia ya tatu?" nikamwuliza.

Alikishika kikombe kwa mikono miwili. "Shangazi, sasa ziko nne."

"Nne?"

"Kadi mbili, waya mbili, njia nne. Zote hai. Nimeambiwa nizifute hizo za ziada Jumatatu."

"Wewe na nani?"

"Siku hizi tunafanya peke yetu."

Nilimshika mkono, nikamsihi asiende. Akacheka kwa adabu, kama wachekavyo vijana mbele ya mzee anayeropoka. Alipofika mlangoni akanyoosha kidole nyuma kuelekea kwenye jiko langu, kwa mazoea tu ya kazi yao, bila hata kugeuza kichwa.

"Gesi imezimwa, sawa!"

Nyumba ya Kuwano ilikuwa tupu. Mikeka ilikuwa imeng'olewa na umeme umekatwa, niliwaona mafundi kwa macho yangu.

"Sawa," ukuta ukaitikia.

Kikohozi kidogo.

Kisha sauti nyingine, ile niliyorekebishia saa miaka yote: "Sawa."

Fumika alikuwa tayari ameshika kitasa. Mkono wake ulishaamini. Mimi ndiye niliyegeuka kutazama jiko, lile nililolizima mwenyewe.

Lilikuwa linawaka.