Mababu Aliopewa Boisko

Zamani za Wayunani wa kale, enzi ambazo kila mji ulikuwa na mfalme wake, ukuta wake na ugomvi wake, palikuwa na mji mdogo uitwao Lukastra. Ukuta wake ulikuwa mfupi kiasi kwamba mbuzi jasiri aliweza kuuruka, na mbuzi wa Lukastra walikuwa jasiri kuliko watu wake. Humo aliishi malenga mmoja, Timodemo mwana wa Damasipo, mtu wa makamo, mnene, mwenye sauti nzuri na magoti mabovu. Kazi yake ilikuwa kupiga kinubi karamuni na kuimba vita vya mashujaa waliokwisha kufa, ambao kwa bahati njema hawakuwa na njia ya kumkosoa.

Mwaka huo vita vilimfuata nyumbani. Mfalme Kleomaki wa Harmasi alishuka pwani na merikebu zake, akauzingira mji kwa sababu ya sufuria. Ilikuwa sufuria kubwa ya shaba yenye miguu mitatu, iliyotunzwa hekaluni, na babu wa Walukastra aliishinda katika mieleka ya matanga ya mfalme fulani wa kale. Kleomaki alidai kwamba babu huyo alijipaka mafuta ya zeituni kupita kiasi, ndiyo maana hakukamatika. Kwa ajili ya mafuta hayo, yaliyokauka kabla yeye mwenyewe hajazaliwa, alileta watu wenye chapeo za manyoya ya farasi, mikuki mirefu na ngao za ngozi ya ng'ombe, wakaivuna mizabibu ya watu na kuota jua.

Kuzingirwa huko kulirefuka. Ndani ya mji dengu zilipungua, na nje askari walianza kugombania vitunguu. Mwishoni pande zote mbili zilikubaliana kwamba ugomvi uamuliwe na watu wawili. Wakachinja kondoo mbele ya madhabahu ya mungu alindaye wageni, wakala kiapo. Shujaa wa Harmasi akishinda, lango lifunguliwe, sufuria itolewe, na wanawake wa Lukastra wapelekwe utumwani. Shujaa wa Lukastra akishinda, au jua likizama pasipo mshindi, Kleomaki apakie watu wake na kwenda zake.

Walukastra wakaamua kupiga kura ya chapeo. Kila mwanamume angetia alama yake ndani ya chapeo, kisha itikiswe mpaka alama moja irukie nje. Hapo ndipo mdomo wa Timodemo ulipomponza. Jioni hiyo, akiwa ameshiba divai ya watu, aliimba kwa mbwembwe kwamba mwanamume atakayeficha alama yake na apewe sufu asokote pamoja na wanawake. Watu walishangilia, wakatia alama zao, kisha wakageuka wote kumtazama yeye. Hakuwa na la kufanya. Aling'oa kigingi kimoja cha kinubi chake, akakitia ndani huku akitabasamu kama mtu mwenye jino bovu. Chapeo ikatikiswa, kigingi kikaruka.

Asubuhi mkewe, Nikareta, alimvisha deraya. Hakuna hata kipande kimoja kilichokuwa chake. Ngao ilitoka kwa mfinyanzi, vifunika miguu vilitoka kwa mkwewe, na chapeo ilikuwa ya jirani yao Mnesarko, mtu mwenye kichwa kikubwa, kwa hiyo ilimshukia Timodemo mpaka puani. Nikareta alikuwa akilia na kukaza kamba kwa wakati mmoja. Alijua vizuri kwamba jioni huenda akawa anapanda merikebu ya watu huku amefungwa mikono.

"Mume wangu," akamwambia, "mkuki huo hujui hata pa kuushika. Lakini tangu unioe sijawahi kukusikia ukimaliza hadithi. Leo usimalize."

Timodemo akainua chapeo ili amwone. Alimwelewa mara moja, maana ilikuwa ada ya Wayunani, tena ada nzito, kwamba wanaopigana ana kwa ana wataje nasaba zao kwanza. Mkono wa mtu haukuinuka mpaka wote wawili wawe wametaja baba, babu na waliotangulia, ili kila mmoja ajue anauawa na nani. Wengi walimaliza kabla jasho halijawatoka. Lakini hakuna sheria iliyosema nasaba ikome wapi, na Timodemo alikuwa na nasaba za nchi nzima kichwani.

Mpinzani wake alikuwa amekwisha kusimama uwanjani. Aliitwa Boisko, na alikuwa mkubwa kiasi kwamba deraya yake ilihitaji shaba ya watu wawili. Timodemo alipomwona, alirudi nyuma hatua moja. Akapiga moyo konde, akachomeka mkuki ardhini ili auegemee, akaanza.

Alianza na mto. Kila Myunani mwenye heshima zake alikuwa na mungu mahali fulani katika ukoo, na mara nyingi mungu huyo alikuwa mto, kwa kuwa mito haikanushi. Mto ukazaa mwana, mwana akaoa, akazaa mapacha, mapacha wakagombana. Timodemo hakumwacha mtu. Alieleza mahari ya kila bibi, farasi wa kila babu, ugonjwa uliomuua shangazi aliyekufa akiwa mwali. Jua likapanda. Askari wa Harmasi waliokuwa wamesimama wima wakaegemea, walioegemea wakachuchumaa, na mwisho jeshi zima likaketi chini na kutoa jibini. Wengine walianza kuuliza maswali. Askari mmoja wa Harmasi alisikia jina la nyanya yake likitajwa, akampigia kelele mlinzi wa ukutani, na wawili hao wakagundua kwamba ni mabinamu.

Kleomaki alikuwa akiuma meno. Mara mbili alimtaka mpiga mbiu, mzee mwenye fimbo aliyesimamia pambano, amnyamazishe malenga. Mara mbili mzee akamjibu kwamba mtu hakatizwi akiwa bado kwa babu zake.

Lakini hata mababu huisha. Jua lilikuwa bado juu ya vilima vya magharibi, halijagusa hata mti, Timodemo alipojikuta amemfikia babu yake mwenyewe. Alijaribu kumrefusha. Alisimulia upara wake, kikohozi chake na punda wake. Kisha sauti ikamkauka, akasema, "Naye akamzaa Damasipo, naye Damasipo akanizaa mimi." Ukutani Nikareta alishika kichwa kwa mikono miwili.

Ikawa zamu ya Boisko.

"Mimi ni Boisko," akasema lile jitu, "mwana wa Tarko."

Watu wakangoja. Boisko akatazama miguu yake.

"Ndiyo basi," akasema. "Baba alichunga mbuzi. Aliniokota njiani. Sijui zaidi."

Kicheko kilichozuka hapo kilianza upande wa Harmasi, kwa wenzake mwenyewe, kikapanda mpaka ukutani. Kleomaki, ambaye alikuwa amemwagiza ataje mto na akadhani amesikia, alicheka kwa hasira, kisha akacheka kweli. Boisko alisimama tu ndani ya shaba yake, na ndani ya chapeo yule mtu aliyewahi kumnyanyua fahali alikuwa akitokwa na machozi.

Timodemo alikuwa karibu kuliko wote, akayaona. Kwa mara ya kwanza siku ile akasahau kuogopa, akaona hasira. Yeye alikuwa ametapanya mababu tangu asubuhi, na huyu hakuwa na hata mmoja wa kujifunika.

"Nyamazeni," akasema, na ile sauti iliyokauka ikamrudia. "Nasaba yake haijaisha. Mwana wa Tarko, niambie. Baba yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Boisko akafikiri. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Akaeleza polepole kwamba kibanda chao kilikuwa kando ya kijito, na kijito kikifurika baba yake aliwabeba wasafiri mgongoni na kuwavusha. Akishawavusha huwalisha, hata kama amebakiwa na mbuzi mmoja. Wala hakumuuliza mgeni jina lake mpaka ashibe, kama ada ilivyo. Ila wengi wakishashiba huondoka, naye Tarko huona haya kuwakimbilia nyuma kuwauliza.

Timodemo akavua chapeo ya Mnesarko.

"Basi ni yeye," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ukutani. "Babu yangu alikuwa akirudi safari, kijito kimefurika. Mchunga mbuzi akambeba, akamlisha, hakumuuliza jina. Babu alikufa akisikitika kwamba hakumjua mwenyeji wake. Ewe Boisko, nyumba yako iliilisha nyumba yangu. Kwa ada ya wageni na wenyeji, mimi siwezi kukuinulia mkuki, wala wewe mimi."

Hapa sina budi kusema kwamba babu yake Timodemo aliogopa maji kiasi cha kutonawa vizuri, na hakuna safari aliyowahi kwenda. Lukastra nzima ililijua hilo. Lukastra nzima ikatikisa kichwa kwa uzito na kusema naam, naam, kijito kile.

Kleomaki akaruka juu. Akasema huo ni uongo mtupu na akataka nasaba zote zichunguzwe, apatikane shahidi. Mpiga mbiu akainamisha fimbo yake kwa adabu.

"Vema, Mfalme," akasema. "Tuanze na ya nani?"

Kleomaki akafungua kinywa. Kisha akaukumbuka mto uliokuwa katika nasaba yake mwenyewe, akakifunga.

Wageni waliotambuana hupeana zawadi, nayo ilikuwa ada. Boisko akafungua deraya yake ya shaba, akamvisha Timodemo mabegani, na kwa uzito wake malenga akapiga magoti pasipo kukusudia. Timodemo naye akashika ngao. Mfinyanzi akakohoa ukutani. Akaigusa chapeo, na Mnesarko akauliza kwa sauti kama kuna mtu anayejua bei ya chapeo siku hizi.

"Sina changu hapa," Timodemo akamwambia Boisko. "Nina mababu tu. Umewasikia tangu asubuhi. Chagua ukoo mmoja uwe wako, wapo wengi, sitapungukiwa."

Boisko alichagua bila kusita. Alimtaka yule pacha mdogo aliyegombana na nduguye, kwa kuwa tangu asubuhi alikuwa akimwonea huruma. Timodemo akampa pacha, watoto wa pacha na wajukuu wao wote, akawashusha mmoja mmoja mpaka kwenye kibanda cha kando ya kijito, kwa Tarko, na kwa Tarko akaongeza Boisko. Alipomaliza, jua lilikuwa limezama.

Jioni walipika kondoo kwa ajili ya pande zote mbili, wakampikia Kleomaki ndani ya ile sufuria. Akaona imezibwa tundu mahali pawili na mguu mmoja ni wa mti. Alikula kimya, na alfajiri akatweka matanga.

Vita vile viliimbwa miaka mingi baadaye, katika miji mingi, navyo vikabadilika. Ikasemwa kwamba Timodemo alimuua Boisko kwa mkuki, na bahari ikawa nyekundu. Wa kwanza kuviimba hivyo alikuwa Timodemo mwenyewe, kwa sababu malenga aliyeimba pambano lisilo na damu alipewa mkia wa kondoo, na aliyeimba lenye damu alipewa mnofu wa mgongo. Boisko, aliyehamia Lukastra na kufuga mbuzi, alikuwa akikaa mbele kabisa na kusikiliza kifo chake, akamlilia yule marehemu kila mara.

Alipokufa kweli, alikuwa mzee mwenye wajukuu. Wanawe walisimama kaburini wakataja nasaba yake kama ada ilivyo: mto, mapacha, yule mdogo, watoto wake, wote, kwa sauti za watu wasio na shaka. Walipofika kwa Tarko walisema, "aliyewavusha wageni wala hakuwauliza majina." Timodemo alisikiliza akiegemea fimbo.

Nikareta, naye sasa kizee, alimsogelea.

"Mume wangu, baada ya miaka yote hii niambie," akanong'ona. "Katika hao wote, kuna hata mmoja wa kweli?"

"Babu yangu simdhamini," Timodemo akajibu. "Wala mto. Lakini Tarko nilimwacha kama nilivyompokea."