Ukoko wa Fundi

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, watu wamejaa ndani mpaka wanagawana pumzi. Miongoni mwao alikuwa mshonaji wa sare za shule, amevaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, amekumbatia sufuria iliyofungwa kwa kitambaa.

"Jamani msinisukume, sufuria ina moto!"

Mlango ukafunguka kiganja kimoja. Fundi wa lifti akachungulia kutoka juu.

"Kuna nini humo? Harufu imenifuata mpaka kwenye mitambo."

"Wali wa maziwa. Wewe tutoe, acha umbea."

"Nitawatoa. Ila nikiwa na njaa mikono hunitetemeka."

Watu wakaangua kicheko. Mshonaji akachota kijiko akakipitisha kwenye ule upenyo. Fundi akakilamba. Kisha sauti ikashuka, ya upole sasa:

"Aliyepika hiki ameolewa?"

"Muulize akishatoka!" akajibu mzee mmoja aliyebanwa kwenye kona.

Akatoka, akaulizwa, na kabla ya mwezi kwisha ikawa kila mchana simu inalia juu ya cherehani.

"Mama Sufuria, umekula?"

"Nimekula uzi na sindano. Wewe?"

"Mimi nakula kwa macho. Nimefungua picha yako."

"Muongo mkubwa! Rudi kazini, watu watakwama."

Wali ule wa maziwa alifundishwa na bibi yake, aliyemlea tangu anatambaa. Maziwa yachemke, mchele uoshwe mara tatu, iliki itwangwe, na mwiko usipumzike. Mwisho kabisa moto unapunguzwa na mwiko unawekwa kando, ili chini kugande ukoko wa rangi ya asali. Bibi hakuwa mtu wa maneno matamu. Cha juu aliwapa wageni, kwenye vibakuli vizuri. Ukoko, ambao ni mchache na hauongezeki, alimkwangulia mtu wake wa moyoni. Mjukuu alikua akiula yeye, na hivyo ndivyo alivyojua kuwa anapendwa. Bibi alipofariki, ukoko ukakosa mwenyewe kwa miaka minne. Fundi alipokuja, ukampata.

Akawa anampa kila Jumapili, na wala hakumwambia maana yake. Angeanzia wapi? Kwao jambo hilo halikusemwa, lilijulikana tu.

Kumbe kwao fundi walizaliwa tisa, sufuria moja. Ukoko ulikuwa wa aliyechelewa, na yeye kitinda mimba alikwangua huku kaka zake wamevimba matumbo wanamcheka.

Zile Jumapili za wawili peke yao alikula akanyamaza. Lakini ikaja siku ya kutambulishwa kwa shangazi yake mshonaji. Fundi alivaa shati jeupe lililopigwa pasi likasimama, viatu vinang'aa. Sebuleni walikuwepo wageni watano. Vibakuli vya kioo vikapita, zabibu juu, kila mtu na chake. Fundi akarukwa. Kisha mshonaji akatoka jikoni, uso umemchangamka, akamwekea sahani ya bati yenye makwanguo.

"Chako hiki," akasema, macho chini kwa haya.

Mgeni mmoja akacheka. "Fundi, leo umepewa kazi ya kukwangua!"

Alikula akamaliza. Akashukuru, akaaga. Wiki iliyofuata akachukua kazi ya kufunga lifti kwenye hospitali mpya, mji wa mbali.

"Fundi, nimekukosea nini?" mshonaji alimuuliza kwenye simu.

"Hujanikosea. Kazi tu."

"Kazi ndiyo inakukataza kuniita Mama Sufuria?"

"Betri inaisha."

Na simu ikakatika.

Miezi mitatu ilipita kwa kuburuzwa. Mshonaji aliingia kwenye lifti ile hata siku asizokuwa na shida ghorofani, akaegemea kona, akainua uso kama mtu anayengoja kuitwa kutoka juu. Alishona mikono miwili ya kulia kwenye shati moja, akafumua. Kila Jumapili alipika. Cha juu aliwapa majirani, ukoko akauweka kwenye kopo la biskuti akalifunika. Ikifika Jumatano umekuwa mgumu kama kigae, anawamwagia ndege dirishani, na Jumapili anaanza tena. Majirani walidhani anapenda kupika.

Jumapili moja alasiri, mwiko mkononi, simu ikalia.

"Mama Sufuria."

Mshonaji akapunguza moto. Akajibu kana kwamba wameongea jana tu. "Unasemaje?"

"Maziwa yamefurika yamezima jiko. Nimeshindwa kuishi bila hiki kitu chako. Niambie nifanye nini."

"Washa tena, moto mdogo. Koroga."

"Nakoroga."

"Hukorogi. Sisikii mwiko."

Akausikia. Wakakoroga wote wawili, miji miwili.

"Sasa acha, ugande chini."

"Ili iweje?"

"Upate ukoko."

Fundi akapumua kwa nguvu. "Ukoko naujua. Umenilisha sana, hata siku ile wageni wako wanakula cha juu na mimi nimevaa shati jeupe."

Mshonaji akakaa chini, pale pale sakafuni. Ndipo akaelewa. Akamweleza habari za bibi, taratibu, na za ile miaka minne, mpaka kopo la biskuti na ndege wa Jumatano.

Fundi akauliza:

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Mimi nilidhani…"

"Fundi, naisikia sufuria inalia. Zima jiko!"

Jumanne jioni mlango ukagongwa. Fundi alikuwa amesimama kizingitini, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi, kopo kwapani.

"Cha juu wamekula mafundi wenzangu," akasema. "Huu nimekukwangulia wewe."

Ulikuwa mweusi tii. Mshonaji akauma kipande, kikalia kama kokoto.

"Umeungua."

"Nilikuwa naambiwa mambo mazito. Shangazi anapatikana lini? Nataka kuja kukuposa."

Mshonaji alilichukua kopo. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, kopo mapajani, akala kipande kwa kipande, machozi yanamdondokea na haachi kutafuna. Fundi akachuchumaa mbele yake, akanyoosha kiganja.

"Hata kidogo hunigawii?"

Mshonaji akalivuta kopo kifuani.

"Huu hautolewi," akasema. "Una mwenyewe. Shangazi yupo Jumapili, na sahani yako ya bati nimeitunza."