Kigari Kilichovuta Kushoto

Kigari kilivuta kushoto, na Msellem alikuwa hajakivuta kijiti cha rimoti kushoto. Alikiweka katikati ya ua, akakisukuma mbele, na badala ya kwenda sawa kama jana, kikajipinda taratibu mpaka ukingoni mwa mchirizi wa maji machafu, kikasimama. Akakirudisha. Kikaenda palepale.

“Una nini leo, we?” akakiuliza, maana alizoea kusema nacho.

Na kwa nini asiseme nacho? Mwaka ule wa themanini na sita, Malindi nzima hapakuwa na kigari kingine kilichoundwa kwa mkono. Vya wazungu wa mahotelini vilikuja ndani ya maboksi. Chake Msellem, fundi redio wa mtaa wa Shela, kilitokana na debe la mafuta ya kupikia, sindano za kufumia na mota ya kaseti mbovu. Rimoti peke yake ndiyo aliyopewa, na Mtaliano mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na nyingine kama ile asingeipata popote. Jumapili vigari vilikuwa vishindane Kilifi, kwenye hoteli moja ya Bofa, na Msellem alikwisha kujiona ameinua kikombe. Mtu mzima, ana mke na mtoto, halali kwa ajili ya gari lisiloweza kubeba hata paka!

Akaketi kukirekebisha. Akapima magurudumu, akalegeza skrubu za usukani, akazikaza tena nusu mzunguko. Kila alipokiachia, kushoto, mchirizini.

“Baba,” akasema Shekha, bintiye wa miaka saba, aliyekuwa ameketi kizingitini. “Yule mtoto leo hakikimbizi kigari.”

“Mtoto gani?”

“Yule anayekikimbiza kila jioni. Leo yumo mle, analia.” Akaonyesha mchirizi.

Msellem alitaka kucheka, akakumbuka. Jana, adhana ya magharibi inalia, alikuwa amechemsha giya za nailoni ndani ya sufuria ili zikomae zisivunjike meno, kama alivyofundishwa na Mtaliano. Alipoziopoa aliyamwaga yale maji mchirizini, yangali yanatokota, akili yote iko kwenye giya. Hakusema Bismillahi. Mtoto yeyote wa pwani hufunzwa jambo hilo kabla hajajua kufunga kikoi: ukimwaga maji ya moto, taja jina la Mungu kwanza, umpe nafasi asiyeonekana ajiondoe. Msellem alifunzwa. Alisahau tu, jamani.

Asubuhi iliyofuata maneno yale ya Shekha, nyumba ilinuka nywele zilizoungua. Mahfudha, mkewe, alifagia, akafukiza udi, harufu ikakaa vilevile. Kisha akalifunua shuka la Shekha, akapiga kelele. Miguu ya mtoto, tangu vifundoni mpaka magotini, ilikuwa imefura malengelenge, kama aliyetumbukizwa ndani ya sufuria.

“Nani kakumwagia maji, mwanangu?”

“Hakuna, mama.” Shekha hakulia hata kidogo. “Haiumi. Siisikii kabisa.”

Wakamsimamisha. Akaanguka kama nguo iliyovuliwa.

Hospitalini walimpaka dawa, wakamrudisha. Siku ya tatu Mahfudha alimvuta mumewe jikoni, akamnong'oneza.

“Baba Shekha, niambie kweli. Umefanya nini?”

Akamwambia. Mahfudha hakumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi kuliko matusi. Alijifunga buibui, akaenda Mambrui, akarudi na Bi Kabibi, mganga mfupi mwenye tambuu shavuni, asiyependa maneno mengi.

Bi Kabibi alifukiza ubani, akamfunika Shekha kwa kaniki, akaanza kusoma polepole, na kadiri alivyosoma ndivyo ile harufu ya nywele ilivyozidi kuwa nzito, ikawaingia puani na kooni mpaka Mahfudha akashika mdomo, na huko uani maji ya mchirizi yakaanza kugugumia ingawa hapakuwa na mtu aliyemwaga tone, na chini ya kaniki ile ikatoka sauti ya mwanamke mzima, mkavu wa kulia, aliyekwisha kulia siku nyingi.

“Mwanangu alikipenda kigari cha huyu fundi. Alikuja kukipokea mlangoni kwetu. Yeye akammwagia moto.”

“Sikumwona, mama,” akasema Msellem, amepiga magoti, machozi yanamtoka. “Wallahi sikumwona. Nisamehe. Mwachie wangu.”

“Nipe kigari, mwanangu azikwe nacho. Na kile cha kukiendeshea. Vyote, usibakize kitu. Nitakurudishia wako.”

“Umesikia?” Bi Kabibi akamkazia macho. “Magharibi ya leo, viweke mchirizini, utaje jina la Mungu, ugeuke uende zako. Na usifanye ujanja.”

Sasa sikiliza ujinga wa fundi. Miaka kumi na miwili Msellem alikuwa akifungua redio za watu, anatoa kifaa kizima, anatia kilichochoka, anafunga skrubu vizuri, na mteja anaondoka akimshukuru. Mkono ulikwisha kuzoea. Kigari alikitoa kwa moyo mmoja, angekiunda tena. Lakini rimoti! Alijifungia chumbani, akaifungua, akatoa matumbo yake yote pamoja na kijiti, akapachika kijiti cha bandia, akajaza vyuma vya redio mbovu mpaka uzito ukalingana, akafunga. Matumbo akayaficha ndani ya mkebe wa biskuti. Akajiambia jini hajui rimoti ina nini ndani.

Asubuhi mchirizi ulikuwa mtupu, harufu imekwisha. Malengelenge ya Shekha yalikuwa yamekauka, ngozi safi kama ya mtoto mchanga. Mahfudha alisujudu pale pale sakafuni. Lakini miguu haikusogea. Siku ya pili haikusogea, wala ya nne.

“Kasema atamrudisha,” Mahfudha alikuwa akirudia, akiisugua ile miguu kwa mafuta ya nazi. “Kasema. Mbona hamrudishi?”

Msellem hakuweza kumtazama usoni. Siku ya tano saa kumi alasiri aliutoa mkebe, amekusudia kwenda kuutupa mchirizini na kila kilichomo. Kwanza, kwa mazoea, akaunganisha betri ajaribu kama vinafanya kazi. Taa nyekundu ikawaka. Akakisukuma kijiti mbele.

Uani Mahfudha akapiga kigelegele. “Baba Shekha! Anatembea! Njoo umwone, anatembea!”

Akakimbilia dirishani na mkebe mkononi, kidole kingali kwenye kijiti. Shekha alikuwa akitembea wima, hatua zote sawasawa, mikono haichezi. Kidole cha Msellem kikateleza, kijiti kikarudi. Shekha akasimama, mguu mmoja ungali juu. Akakisukuma tena, naye akaenda. Akakivuta kulia, naye akageuka kulia.

“La, la, la,” akasema Msellem, akazichomoa betri.

Shekha akaanguka chali. Macho wazi, kifua hakipandi, na Mahfudha anamtikisa, anamwita jina lake, anamwita tena, sauti inapanda mpaka majirani wakasikika wakikimbia, na Msellem betri zinamponyoka, moja ikabingiria chini ya kitanda, akailalia tumbo, akaipapasa, akaipata, akairudisha, taa ikawaka, na mtoto akavuta pumzi kwa kishindo. Kisha akageuza uso kuelekea dirishani, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

“Ulibakiza. Basi endesha mwenyewe.”

Mahfudha akaugeukia mkebe uliokuwa mikononi mwa mumewe, akaelewa. Tangu siku ile hakumsemesha.

Msellem akamwendea Bi Kabibi mara tatu, na mara zote tatu alifungiwa mlango. Duka likafa. Msellem akawa hana kazi ila kukaa dirishani na mkebe mapajani, anampeleka bintiye chooni, anampeleka kulala, na kila betri moja inapochoka anachomekea nyingine pembeni kabla hajaitoa, asithubutu hata kupepesa. Alijaribu kujidanganya kwamba huyu ni Shekha, anakula, anapumua, siku moja atazoea kwenda mwenyewe.

Isipokuwa alikuwa akivuta kushoto. Kidogo sana mwanzoni, hata usingejua. Msellem akarekebisha. Akaegemeza kijiti kulia kwa ukucha, kesho yake kwa kidole, wiki iliyofuata kwa mkono mzima.

Ijumaa, adhana ya magharibi ilipoanza, Shekha aliinuka mkekani na kuingia uani. Akapiga hatua kuelekea mchirizini, akapiga nyingine. Mahfudha alitoka mbio jikoni.

“Mrudishe!” akalia, neno lake la kwanza baada ya siku arubaini. “Msellem, mrudishe!”

Msellem alikuwa amekwisha kukivuta kijiti kulia mpaka mwisho, kimekatikia mkononi mwake.