Foleni ya Damas

Kila asubuhi wanafunzi wa shule moja pembezoni mwa mji wa Bariadi hufika na madumu ya maji, kwa kuwa bomba la shule hutoa hewa kuliko maji. Damas wa darasa la sita alikuwa na mikono mizima kama wenzake, lakini wiki ile hakushika dumu. Dumu lake alilibeba Mhoja, mtoto wa darasa la tatu, pamoja na lake mwenyewe, huku mwenye mali akitangulia mbele, mikono mfukoni, akipiga mluzi.

Kiburi hicho kilizaliwa na kura za maoni. Mwalimu Philomena, mlezi wa serikali ya wanafunzi, alitaka wagombea watatu wa ukiranja mkuu wapunguzwe wabaki wawili, kabla ya uchaguzi wenyewe wa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Saa ya uji ilipokaribia, aliwaambia wanafunzi wasimame nyuma ya mgombea wanayempenda. Yakobo alisimama karibu na mlingoti wa bendera. Milembe alisimama mbele ya darasa la nne. Damas akaenda kusimama mlangoni pa jiko, ambapo mpishi alikuwa tayari anakoroga sufuria.

Watoto wenye njaa unadhani walikwenda wapi? Foleni ya Damas ilizunguka jiko ikafika vyooni. Milembe akawa wa pili, na Yakobo akatolewa. Mpishi alipoanza kugawa uji, foleni ileile ikasogea na vikombe vyake, wala hakuna aliyehama. Ferdinand, rafiki wa Damas na mpiga debe wake, aliliona hilo akakuna kichwa.

"Damas, wengi hapa wamefuata uji," alimnong'oneza. "Tupite madarasani tuwaulize wanataka nini."

"Niwaulize nini? Foleni umeiona mwenyewe. Nimeshapita!"

"Na watu wa Yakobo? Sasa hawana mgombea."

"Wale ni makombo," Damas alisema kwa sauti, akicheka. "Nani anabembeleza makombo?"

Watu wa Yakobo walikuwa hatua chache tu kutoka pale, vikombe mkononi. Walimsikia wote, wakatazamana, wakaendelea kunywa uji wao.

Tangu hapo Damas akawa kiranja mkuu kabla ya kuchaguliwa. Aliwaita wadogo "vifaranga", akawaamuru wampishe njiani. Milembe naye alipita darasa kwa darasa. Alikaa na watu wa Yakobo, akasikia kuwa wadogo husukumwa nyuma kwenye uji mpaka wanaambulia ukoko. Kesho yake akasimama mbele ya sufuria, akahakikisha wadogo wanaanza. Damas alimtazama kwa dharau.

"Mwone anavyozunguka, kama mtu anayeomba chumvi kwa majirani!"

Jumatano Mwalimu Philomena alimtaka kila mgombea alete watu wake baada ya masomo wafyeke nyasi nyuma ya madarasa. Damas akatangaza. "Tuko pamoja, kiranja!" wakamjibu kwa shangwe. Kengele ilipolia, upande wa Milembe walifika wengi na mafyekeo. Upande wa Damas alifika Ferdinand, na Mhoja aliyekuwa ameamriwa.

"Wamesahau tu," alisema Damas, akaketi kivulini. Mtu akiamua kuwa kipofu, hata jua kali la Simiyu halimsaidii kuona.

Jioni alimwomba mama yake, Nyanjige, ampigie pasi shati jeupe la kuapishwa.

"Kwani kura zimepigwa?" mama aliuliza.

"Bado, mayu, lakini nimeshapita."

"Kama hazijapigwa, hujapita," mama alijibu. Hata hivyo shati alilipiga pasi, kola ikasimama.

Ijumaa kila mwanafunzi aliingia darasani peke yake, akaandika jina kwenye karatasi na kuitumbukiza kisandukuni. Humo hamkuwa na mpishi wala sufuria. Kura zilipohesabiwa mbele ya wote, Milembe alimwacha Damas mbali sana. Damas akaruka juu na shati lake jeupe.

"Wameiba! Foleni yangu iko wapi?"

"Foleni yako ilikunywa uji ikaondoka," alisema Mwalimu Philomena bila huruma. "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Wewe uliwaita watu makombo, halafu ukangoja wakupe kura?"

Shule nzima ikaangua kicheko. Damas akamgeukia Mhoja aliyekuwa karibu yake. "Hata wewe?"

Mhoja akatazama chini. "Dumu lako zito, kaka."

Nyumbani Damas alipita bila hata kuamkia. Mama alikuwa uani akichambua pamba, safi huku na chafu kule. Alimwita, akamkalisha, akasikiliza habari yote.

"Ng'wana wane, unamkumbuka mzee Marcelo na pamba yake?" aliuliza. "Aliimwagia maji iwe nzito. Akaipima nyumbani, akajisifu mtaa mzima. Mnunuzi akachelewa, jua likawaka. Siku ya mizani yenyewe, uzito wote ulikuwa umekauka. Akabaki anamtukana mpimaji!"

"Alikuwa mjinga," alisema Damas.

"Kweli, mjinga kabisa. Na wewe?"

Aibu ilimchoma Damas, akaanza kulia.

"Watu wakisimama nyuma yako mapema, washukuru, kisha ufanye kazi," mama alisema, akimfuta machozi. "Aliyekufuata kwa uji ataondoka na uji. Uliyemheshimu na kumsaidia, huyo uzito wake haukauki. Kuwadharau watu halafu ukawategemea ni ujinga, mwanangu."

Jumatatu asubuhi Damas alimkuta Mhoja njiani na dumu lake. Yeye alikuwa amebeba la kwake. Akanyoosha mkono uliobaki.

"Lete nikusaidie."

Mhoja akarudi nyuma hatua moja, dumu akilikumbatia. "Kura zimeshaisha, kaka."

"Najua," alisema Damas.

Mhoja akamtazama usoni. Kisha akampa dumu.